Maua ya shaba kwenye milima ya Likasi: nani anayahesabu?

Ukitoka Likasi unafuata barabara ya Kambove, angalia milima vizuri. Pori la miombo linapanda kwenye muteremko, miti imebanana, halafu kwa ghafula miti inasimama. Toka pale kwenda juu, mulima uko uchi: majani mafupi, mawe, udongo mwekundu wenye kuchanganyika na kijani ya malakiti. Kama umepita mwisho wa mvua, mwezi wa 3 ao wa 4, utaona pia maua madogo ya rangi ya zambarau, mengi, sawa vile mutu ametandika kitenge chini.

Siye watu wa Likasi tunaona milima hiyo tangu utoto. Tunajua kama ndani kuko shaba na cobalt, hiyo hata mutoto wa primere anajua. Jambo lenye wengi hawajue ni hili: kati ya mimea yenye kuota juu ya milima ya shaba, kuko aina zenye haziote pahali pengine popote duniani. Mulima wao ukichimbwa mupaka kuisha, hakuna pahali pengine pa kwenda kuzitafuta.

Katika habari hii tunaeleza maua hayo ni nini, kwa nini yanaota pale, nani anayafuatilia, na ginsi gani mutu wa kawaida, mwenye kaye na telefone tu, anaweza kusaidia kuyahesabu. Sababu kazi ya kuhesabu maua ya milimani haiko tena ya maprofesa peke yao. Katika inchi mingi, watu wa kujitolea njo wanaifanya: wanafunzi, wamama, wazee wenye kupumzika kazi, watu wenye kupenda kutembea milimani.

Kwa nini miti inakataa kuota pale

Shaba kidogo ni chakula cha mumea. Shaba mingi ni sumu. Katika udongo wa kawaida, kilo moja ya udongo haifikie hata sehemu moja ya kumi ya gramu ya shaba. Juu ya milima yetu, kilo moja ya udongo inaweza kuwa na gramu 1 mupaka gramu 10 za shaba, na kuko pahali inapita. Tena cobalt iko pamoja nayo. Muzizi wa muti wa kawaida ukiingia katika udongo wa namna hiyo, unadumaa. Muti haukomae.

Lakini kuko mimea yenye ilizoea sumu hiyo, kizazi kisha kizazi, kwa miaka mingi sana. Mingine inafunga shaba katika mizizi, haiiachilie ipande juu. Mingine inaipandisha mupaka kwenye majani na inaishi nayo. Njo maana pahali muti mukubwa unashindwa, ua la urefu wa kiganja linasimama.

Sumu yenyewe haiko sawa mulima muzima. Juu kabisa, kwenye mawe yenye madini mingi, kuko kundi moja ya mimea. Katikati ya muteremko kuko kundi lingine. Chini, pahali shaba inapunguka, miombo inaanza tena. Mutu akipanda dakika chache tu anavuka bustani mbili ao tatu zenye haziko sawa.

Milima ya namna hiyo inapita 100. Imejipanga katika mukanda wa karibu kilometre 300, toka upande wa Kolwezi, inapita Fungurume, Kambove na Likasi, mupaka Lubumbashi na kuingia Zambia. Kila mulima umezungukwa na miombo sawa vile kisiwa kinazungukwa na maji. Mbegu ya ua la shaba ikianguka katika udongo wa miombo, haiwezi kushindana na majani ya pale. Kwa hiyo ua linabaki kwenye kisiwa chake. Njo sababu kuko aina zenye zilipatikana kwenye milima michache tu, na zingine kwenye mulima mumoja peke yake.

Ua lenye kuonyesha pahali pa shaba

Ua la zambarau lenye tulizungumuzia pale mwanzo linaitwa na wataalamu Haumaniastrum katangense. Ni la jamaa moja na lumba-lumba yenye wamama wanapanda mbele ya nyumba. Kwa Kifaransa wanaliita «fleur de cuivre», ua la shaba. Linapenda sana udongo wa shaba wenye ulikwisha kuguswa na kuchimbwa.

Tabia hiyo ilisaidia hata watu wa historia. Wazee wetu waliyeyusha shaba mbele ya Wazungu kufika. Misalaba midogo ya shaba yenye walitengeneza ilitembea mbali kwa biashara, na kaburi za zamani karibu na Ziwa Kisale, katika Upemba, ziko nayo. Katika miaka ya 1970 na 1980, wataalamu wenye kuchimbua mambo ya kale karibu na Lubumbashi waliona kama ua la zambarau linaota kwa wingi pahali fulani penye hapana mulima wala madini. Walipochimba walikuta mabaki ya tanuru za kuyeyushia shaba, zingine za karne ya 14. Shaba yenye ilimwagika chini wakati huo ilibaki katika udongo. Watu walikufa, kijiji kilisahauliwa, lakini ua liliendelea kuonyesha pahali.

Mutaalamu wa mawe Jules Cornet alipita katika inchi yetu mwaka wa 1892, katika safari yenye inaitwa Bia-Francqui. Alikuta milima yenye haina miti na mashimo yenye wenyeji walikuwa wamekwisha kuchimba. Kisha, mwaka wa 1906, Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa. Likasi yetu ilikua juu ya kazi hiyo, ikaitwa Jadotville mupaka mwaka wa 1966. Kwa kifupi, milima yenye haina miti njo ilileta muji. Na muji, kwa upande wake, ulianza kula milima.

Tunajua nini mupaka sasa

Mutu wa kwanza mwenye alieleza maua hayo kwa ukubwa ni Paul Duvigneaud, profesa Mubelgiji. Mwaka wa 1958 alitoa kazi juu ya mimea ya Katanga na udongo wake wa madini. Kisha yeye akakuja François Malaisse, mwenye alifundisha miaka mingi pale Lubumbashi na kutembea milima mingi ya shaba, moja kwa moja. Katika mwaka wa 2016 yeye na wenzake walitoa kitabu kikubwa juu ya mimea ya shaba na cobalt ya Katanga ya Juu. Leo, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU, pamoja na wenzao wa Gembloux na wa bustani ya Meise kule Ubelgiji, wanaendelea na kazi hiyo.

Wanasema kama aina za mimea zenye zilionekana juu ya udongo wa shaba zinapita 600. Nyingi kati yazo zinaota pia pahali pengine. Lakini hesabu yenye ilitolewa mwaka wa 2010 ilionyesha aina 32 zenye zinapatikana kwenye udongo wa shaba tu, na zingine 24 zenye zinaota zaidi sana pale. Nyingi kati ya zile 32 ziliwekwa katika daraja ya hatari kubwa, na kuko zenye zinahesabiwa kuwa zimekwisha kupotea juu ya migodi.

Chukua mufano mumoja. Kuko ua dogo linaitwa Crepidorhopalon perennis. Pahali penye lilijulikana ni mugodi wa Étoile, karibu na Lubumbashi, ule wenye wazee wanaita Kalukuluku. Pale njo Union Minière ilianza kutoa shaba, karibu na mwaka wa 1911. Fikiri sasa: aina nzima ya kiumbe, na nyumba yake ni mugodi mumoja wenye kuchimbwa tangu zaidi ya miaka 100.

Pale Fungurume, kwenye eneo la Tenke Fungurume Mining, wataalamu wa chuo na wa kampuni walijaribu njia ingine: mbele mulima haujachimbwa, wanakusanya mbegu, wanabeba udongo wa juu pamoja na mimea yake, wanaupeleka pahali pengine pa kuulinda. Ni kazi ya maana. Lakini inaomba kwanza mutu ajue nini iko juu ya mulima. Kwenye vilima vidogo, karibu na quartier zetu, hakuna mutaalamu wa kupita kila mwezi. Pale ua linaweza kuisha pasipo mutu hata mumoja kuandika tarehe.

Sayansi ya wananchi: kazi ya macho na kaye

Kwa watu wengi, neno «sayansi» ni laboratware na kanzu nyeupe. Lakini kuko sehemu kubwa ya sayansi yenye inaomba jambo moja tu: mutu arudie pahali pamoja, mara mingi, aandike mambo anaona. Profesa mumoja hawezi kuwa kwenye milima 100 siku moja. Watu 100 wanaweza.

Katika Marekani, kwenye milima ya New Hampshire, kuko chama cha watembezi wa milima kinaitwa Appalachian Mountain Club, cha tangu mwaka wa 1876. Kinaomba watu wenye kupanda milima waandike ao wapige picha maua ya kule juu: ua liko katika kitumba, limefunguka, limenyauka, limetoa mbegu. Mutembezi haombwe kuwa na diploma. Anaombwa kuwa mwaminifu juu ya tarehe na pahali.

Katika muji wa Concord, pia Marekani, mwandishi Henry David Thoreau aliandika katika miaka ya 1850 siku yenye kila ua lilifunguka. Hakujua kama itasaidia mutu. Miaka 150 kisha pale, watafiti walirudia pahali pale pale wakalinganisha: maua yanafunguka mbele karibu juma moja kuliko wakati wake, sababu joto limepanda. Kule Kyoto, Japani, tarehe za maua ya miti ya sakura zimeandikwa tangu miaka zaidi ya 1,200. Njo vile Wajapani waliweza kusema kama mwaka wa 2021 maua yalifunguka mapema kuliko miaka yote yenye iliandikwa.

Usiwaze kama hiyo ni mambo ya kule ngambo tu. Inchi yetu iko na mufano wake mwenyewe, na ni mukubwa. Pale Yangambi, katika jimbo la Tshopo, kati ya mwaka wa 1937 na wa 1958, watu walitembea katika pori kila juma, kila posho sawa vile tunasema hapa Katanga, kuangalia miti karibu 2,000 ya aina karibu 500. Kwa kila muti waliandika na kreyo: leo iko na maua, leo iko na matunda, leo inaangusha majani. Karatasi zilijaa mistari midogo midogo. Kisha vita na taabu zikakuja, karatasi zikalala kwenye makabati kwa miaka mingi.

Karatasi hizo zilipopigwa picha, zilikuwa mingi kupita nguvu ya mutafiti mumoja. Basi tangu mwaka wa 2015 watu wa kujitolea, maelfu, kutoka inchi mbalimbali, walizisoma kwenye intaneti na kuandika tena mustari kwa mustari, katika mupango wenye uliitwa Jungle Rhythms. Leo wataalamu wanatumia hesabu hizo kuelewa ginsi pori la Congo linafuata mvua na kiangazi. Wale wenye walitembea na kreyo kule Yangambi waliacha ushuhuda wenye hakuna mutu anaweza kurudi nyuma kuutengeneza leo.

Mutu wa Likasi anaweza kufanya nini

Hapa chini ni njia yenye watu wa kujitolea wanafuata pahali pengi. Tumeileta kwenye hali yetu ya hapa.

Kwanza, chagua pahali pamoja penye unaweza kurudia pasipo shida. Isiwe mbali. Muteremko kidogo wa udongo wa shaba wenye uko wazi kwa watu wote unatosha. Usiingie katika eneo la kampuni pasipo ruhusa: polisi ya migodi haitauliza kama ulifuata maua ao mawe. Usikaribie mashimo yaliyoachwa, zaidi sana wakati wa mvua, sababu kingo zinaporomoka. Na pale Shinkolobwe usiende kabisa. Uranium haionekane kwa macho na haina harufu.

Pili, pima kipande. Chukua kamba ya metre 4, fanya nayo carré ya metre 1 kila upande. Weka jiwe kwenye kila pembe kusudi siku ingine upate kipande kile kile. Kuhesabu mulima muzima hautaweza. Vipande vitatu ao vine, vyenye vinahesabiwa vizuri, vinatosha kuonyesha kama mambo inabadilika.

Tatu, andika. Tarehe, saa, pahali, na kwa kila aina ya ua: mimea ngapi iko na kitumba, ngapi imefunguka, ngapi iko na mbegu. Andika pia kama moto ulipita, kama mbuzi walikula, kama mutu alichimba. Na kama hakuna ua hata moja, usiache mustari mutupu. Andika sifuri. Sifuri nayo ni habari. Mustari mutupu unaweza kumaanisha kama haukufika siku hiyo. Sifuri inamaanisha kama ulifika, ukaangalia, na ua halikuwa.

Ine, piga picha. Moja ya mumea muzima, moja ya majani kwa karibu, moja ya ua. Weka biki pembeni kusudi ukubwa uonekane. Hauna lazima ya kujua jina la Kilatini. Aina mingi zinafanana, hata wataalamu wanabishana juu yazo. Kazi yako ni kuonyesha. Jina litakuja kisha.

Tano, usingoe.  Unaweza kuwa umebeba wa mwisho wa kipande chake.

Kwa mwenye telefone ya kisasa, kuko programu ya bure inaitwa iNaturalist, yenye ilianzishwa mwaka wa 2008 kule California. Unaweka picha, programu inachukua tarehe na pahali, kisha watu wengine, kati yao wataalamu, wanasaidia kutaja jina. Picha unaweza kupiga milimani pasipo mega, halafu unazituma siku yenye umepata connexion. Kwa aina zenye ziko katika hatari, programu inaweza kuficha pahali kamili kusudi watu wasiende kuziiba. Asiye na telefone ya namna hiyo, kaye inatosha. Yangambi walifanya na kreyo.

Wakati gani? Hapa kwetu kuko misimu miwili ya kuangalia. Mwisho wa mvua, toka mwezi wa 3, mimea ya mwaka mumoja sawa vile Haumaniastrum inafunguka. Halafu mwisho wa kiangazi, mwezi wa 8 mupaka wa 10, kisha moto wa pori kupita, kuko mimea yenye kutoa maua mbele hata ya mvua ya kwanza, sababu imehifadhi nguvu yake chini ya udongo. Mutu mwenye kupita wakati huo anakuta majivu meusi na maua katikati yake.

Kwa wasomaji wetu wa majimbo mengine: njia ni ileile, mulima tu njo unabadilika. Mulima Kahuzi, wenye urefu wa metre 3,308, uko na Senecio kahuzicus, mumea wenye haujulikane pahali pengine. Ruwenzori iko na lobelia kubwa kupita mutu, na barafu yake inapunguka. Lakini mutu asihatarishe uzima juu ya ua: pahali hakuna usalama, anza na muti wa mwembe wa kwenu. Tarehe za maua ya mwembe, mwaka kwa mwaka, nazo ni sayansi.

«Maua yatanilisha?»

Ulizo hilo ni la haki, na tusilikimbie. Likasi ni muji wenye maelfu ya watu wanaishi juu ya kuchimba kwa mikono. Mubaba mwenye watoto sita hawezi kuacha shimo juu ya ua la zambarau. Hakuna mutu mwenye akili atamuomba vile.

Lakini jibu liko. Angalia vumbi. Pahali madini iliyeyushwa ao kusafishwa kwa miaka mingi, udongo unabaki uchi, upepo unabeba vumbi la shaba na cobalt mupaka kwenye manyumba, kwenye sombe ya shamba, kwenye mikono ya watoto. Kule Lubumbashi, kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza mwaka wa 1911, na upande wenye upepo unapeleka moshi, majani yalikufa. Pale Penga Penga, watafiti wa UNILU walijaribu kupanda majani kwenye udongo huo, kati yake majani mafupi yenye kuota kwenye milima ya shaba, Microchloa altera. Waliona kama, pamoja na chokaa ao mbolea, majani yanaweza kushika na kufunika udongo wenye sumu. Dawa ya vumbi letu inaota kwenye milima yetu wenyewe. Mulima ukiisha pasipo mbegu kukusanywa, dawa inaenda nayo.

Kuko tena upande wa sheria. Code minier ya mwaka wa 2002, yenye ilirekebishwa mwaka wa 2018, inaomba kampuni ifanye étude d'impact environnemental et social mbele ya kuchimba. Sheria ya tarehe 11 mwezi wa 2 mwaka wa 2014 juu ya ulinzi wa viumbe nayo iko. Lakini katika mukutano wa kampuni na wenyeji, mutu mwenye kusema «pale juu kuko maua ya maana» na hana karatasi, anasikilizwa sawa vile mutu mwenye kuota ndoto. Mwenye kusema «hii ni kaye, miaka mitatu, tarehe na picha», huyo inabidi ajibiwe.

Kaye yangu

Niseme na yangu. Nilijaribu njia hii kwenye kilima kidogo inje ya muji, mwisho wa mvua. Siku ya kwanza nilikosea mara mbili, nikahesabu ua moja mara ingine na kuruka mengine. Kilo ya pili ya mateso ilikuwa magoti: kuhesabu maua ya urefu wa kiganja ni kazi ya kuinama. Mara ya pili nilienda haraka, nikaanza hata kuona mambo sikuona kwanza: aina mbili zenye nilizani ni moja, nyuki mudogo mweusi mwenye hakutoka kwenye kipande changu.

Mara ya tatu nilikuta shimo. Kijana mumoja, anaweza kuwa na umri wa mudogo wangu, alikuwa ndani mupaka mabega, na udongo wenye alitoa ulilala juu ya mawe yangu mane. Tulisalimiana. Nilimuonyesha kaye, akacheka, kisha akanionyesha kwa kidole upande mwingine wa kilima, akaniambia kule maua ni mengi kuliko hapa. Alikuwa anayajua vizuri. Ni kwa maua njo alichagua pa kuchimba.

Nilirudi nyumbani na mawazo mawili. La kwanza: wachimbaji wanajua milima kutupita siye wote, na mupango wowote wa kuhesabu maua hapa Likasi wenye hautawaweka ndani utakuwa mupango wa nusu. La pili: sasa kuko tarehe. Mutu akiuliza siku moja ua liliisha lini kwenye kipande kile, jibu liko katika kaye yangu, ukurasa wa tatu, na biki ya bleu. Niliandika sifuri, nikaandika «shimo», nikaweka saa.

Juma lenye lilifuata nilibeba kamba yangu nikaenda ule upande mwingine wenye alinionyesha.